Maoni ya Wazee Watatu Kuhusu Jua

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asijisumbue kuyatafuta. Tuna Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye ametulea kwa miaka thelathini na mmoja bila kuchoka, na bila sisi kupata nafasi ya kumpumzisha. Tuna Wizara ya Watoto na Mapokezi. Tuna gazeti moja, Tumeridhika, linalotoka kila siku isipokuwa siku ambazo Mlezi Mkuu ana mafua, maana siku hizo taifa zima hunyamaza kumsikiliza akipiga chafya.

Mimi naitwa Sefania Mbota. Kwa miaka kumi na minane nilikuwa mhariri wa ukurasa wa saba wa gazeti hilo, ukurasa wa Maoni ya Wasomaji. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila asubuhi niliketi, nikanywa chai, nikayaandika maoni ya wasomaji. Wasomaji ni watu wenye shughuli nyingi, na serikali iliona si vema kuwachosha. Leo nilikuwa mkulima wa pamba aliyefurahishwa na bei. Kesho nilikuwa mama lishe anayeshukuru kwa kuvunjiwa kibanda. Keshokutwa nilikuwa kijana asiye na kazi, anayeipongeza serikali kwa kumpa muda wa kutafakari. Watu wote hao walikuwa na adabu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurefusha maneno kupita nafasi niliyompa.

Jumatatu moja ikaja barua ya kweli.

Tarishi aliileta ameishika kwa ncha za vidole. Ilikuwa na stempu. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa bluu, mistari imenyooka kama reli. Aya ya kwanza ilimsifu Mlezi Mkuu kwa hekima, kwa subira, na kwa jinsi anavyowapenda watoto. Nilifurahi. Nikaandika juu yake, "Wazee Wampongeza Mlezi Mkuu", nikaipeleka kiwanda cha uchapaji. Aya ya pili sikuisoma. Kwa miaka kumi na minane sikuwa nimekutana na barua niliyohitaji kuisoma hadi mwisho, kwa kuwa miisho yote nilikuwa naitunga mwenyewe.

Aya ya pili nilikuja kuisoma kesho yake, pamoja na watu elfu arobaini.

Ilisema hivi: Alhamisi iliyopita wanafunzi wa Shule ya Msingi Kandokando walitolewa madarasani saa mbili asubuhi, wakapangwa ukingoni mwa Barabara ya Shukrani wampungie bendera Mlezi Mkuu, aliyetazamiwa kupita saa tatu akienda kuzindua bomba la maji. Alipita saa tisa alasiri. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. Kwa muda wote huo watoto hawakupewa maji wala kivuli, na kumi na mmoja kati yao walizimia. "Hatuombi Mlezi Mkuu asipite," waliandika wazee. "Tunaomba watoto wapewe maji, wapewe kivuli, na saa ya kupita ikishavuka, warudishwe darasani. Tunaomba apite watoto wakiwa wazima."

Waliotia saini ni watatu. Bi Stamili, mwalimu mstaafu, miaka sabini na mmoja. Mzee Chikoti, mkaguzi wa tiketi za treni mstaafu, miaka sabini na sita. Bi Zaituni, muuguzi mstaafu, miaka sitini na minane.

Kabla chai yangu haijapoa, nilikuwa nimeitwa na Waziri.

Mheshimiwa Teofili Mbarazi, Waziri wa Watoto na Mapokezi, alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba. Ofisi yake ilikuwa na viyoyozi viwili, kimoja cha kumpoza yeye na kingine cha kupoza picha ya Mlezi Mkuu. Alikuwa amelifungua gazeti mezani na kuliwekea glasi ya maji juu, kama mtu anayeogopa litaruka.

"Mbota," akasema, "watoto hawakuzimia. Walizidiwa na mapenzi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mtoto ndiye taifa la kesho. Sasa taifa la kesho likikaa kivulini leo, kesho nani atasimama juani?"

Nikakiri kwamba sikuwa nimeliangalia jambo kwa upande huo.

"Halafu hawa wazee, hivi wana maslahi gani? Mtu wa miaka sabini na sita, utoto anautakia nini? Kama alikuwa na maoni kuhusu watoto, angeyatoa alipokuwa mtoto!"

"Na watoto wenyewe, Mheshimiwa, wakiwa na maoni?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mtoto hana umri wa kutoa maoni, Mbota."

Mchana uleule ikatangazwa Kanuni ya Maoni ya Watu Waliokwisha Kukua. Kanuni hiyo haikumnyima mtu yeyote uhuru wake. Ilisema tu kwamba aliyevuka miaka sitini, akitaka kuandika gazetini kuhusu watoto, alete cheti cha macho, kuthibitisha kwamba alichokiona alikiona. Cheti cha kumbukumbu, kuthibitisha kwamba anachokikumbuka kinakumbukika. Na idhini ya mtoto husika, iliyogongwa muhuri na shule ya mtoto huyo. Mimi nilipewa kazi ya kuvipokea vyeti hivyo. Waziri alinihakikishia kwamba havitaletwa.

Siku ya tatu wazee wenyewe wakaja ofisini.

Mzee Chikoti ndiye aliyetangulia, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, na mkononi ana bahasha. Ameishi maisha yake yote akidai karatasi kutoka kwa watu, na nadhani hakuwahi kufurahi kama siku ile ambayo karatasi zilidaiwa kutoka kwake. Nyuma yake Bi Zaituni, mfupi, mkimya, kanga begani. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Alinitazama mara moja tu, mimi nikajikuta nimesimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Sefania. Kaa."

Alikuwa Mwalimu Stamili, aliyenifundisha insha darasa la nne. Kwenye barua sikumtambua, kwa sababu sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu Kalamu.

"Miaka yote nimekuwa nikikusoma," akasema. "Mkulima wa pamba ni wewe. Mama lishe ni wewe. Yule mjane wa juzi aliyefurahia kodi ni wewe."

"Mwalimu, umejuaje?"

"Kila mmoja wao anasema 'kwa kweli' mwanzo wa aya. Nilikukataza darasa la nne. Mtu anayesema kweli hahitaji kuitangaza."

Mzee Chikoti akafungua bahasha. Vyeti vya macho vilikuwepo, vitatu. Idhini za watoto zilikuwepo, arobaini na mbili. Kilichokosekana ni muhuri wa shule, maana Mwalimu Mkuu alikuwa ameufungia kabatini na ufunguo akauficha hata yeye mwenyewe asiujue ulipo. Na vyeti vya kumbukumbu vilikuwa viwili tu.

"Cha tatu kiko wapi?" nikauliza.

"Mimi nimefeli," akasema Bi Zaituni.

Mzee Chikoti akanieleza. Daktari wa serikali alikuwa na swali moja tu: Alhamisi ile pale barabarani, watoto wangapi walizimia? Mzee Chikoti na Bi Stamili walijibu kwamba hakuna, wakagongewa muhuri na kusifiwa kwa kumbukumbu safi. Walikuwa wamekubaliana hivyo nje, ili wapate vyeti na ukweli upate mahali pa kuandikwa. Lakini Bi Zaituni alipoulizwa alisema kumi na mmoja, akaanza kuwataja kwa majina.

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na mitatu," akasema mwenyewe, akiiangalia meza yangu. "Wale watoto niliwapepea kwa mikono yangu. Nitasemaje hakuna? Alhamisi ile nilimshika mmoja, ngozi imekauka, moto kama kikaango. Nikajua tumeponea chupuchupu. Safari nyingine hatutapona. Mwanangu, andika tu hivyo: safari nyingine hatutapona."

Nikawaambia nitalifikisha suala lao ngazi za juu. Bi Stamili alitabasamu kidogo, kama alivyotabasamu zamani alipopokea insha aliyojua umenakili kwa jirani. Wakaondoka, wakaendelea kutafuta muhuri. Mzee Chikoti alikwenda kwa Mwalimu Mkuu siku sita mfululizo. Siku ya sita aliambiwa muhuri umekwenda likizo.

Wakati muhuri uko likizo, Mlezi Mkuu akapita tena. Safari hii alikuwa anakwenda kufungua Kongamano la Ustawi wa Mtoto. Watoto wa Kandokando walisimama tangu saa moja na nusu hadi saa kumi kasoro robo, kwa sababu kongamano lilianza na chakula cha mchana. Kulikuwa na kiangazi, lami imelainika hata inashika viatu. Jioni nilisikia pale ofisini kwamba mtoto mmoja amepelekwa hospitali, na Jumamosi nikasikia amefariki. Jina sikulisikia. Habari hiyo haikuchapishwa, na mimi ni mtu wa gazeti. Jambo ambalo halikuchapishwa sina desturi ya kulifuatilia.

Nasema hivyo kwa aibu. Wakati ule nililiona jambo la kawaida.

Jumatatu Waziri akanipigia simu. Watu walikuwa wananong'ona sokoni. Kulihitajika maoni, akasema, tena maoni ya mtoto.

"Lakini Mheshimiwa ulisema mtoto hana umri."

"Hana umri wa kutoa maoni mabaya. Maoni mazuri hayana umri." Akaniambia safari hii nisibuni jina. Watu wamezidi kuwa wadadisi. Watakwenda shuleni kuuliza. "Wizara imechukua jina kwenye rejista ya shule yenyewe. Andika: Hidaya Selemani, miaka tisa, darasa la tatu B."

Nikaandika. Ilinichukua dakika kumi. Naiweka hapa kama ilivyotoka, kwa kuwa ndiyo barua iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kutunga:

"Mimi naitwa Hidaya. Nina miaka tisa. Kwa kweli nikiwa darasani husikia usingizi, lakini nikisimama barabarani kumngoja Mlezi wetu moyo wangu hufurahi. Jua ni rafiki yangu. Wazee wanaosema tunateseka hawajatuuliza. Namwomba Mlezi wetu apite mara mbili kwa wiki. Nikikua nataka kuwa bendera."

Hilo la bendera nililipenda sana. Waziri alicheka kwenye simu hadi akakohoa. Barua ilitoka Jumanne, ukurasa wa kwanza.

Jumatano, saa tatu asubuhi, Bi Zaituni akaja peke yake. Alikuwa amevaa kanga nyeusi. Nilimpa kiti, hakukaa. Akaliweka gazeti mezani.

"Nimekuja kuomba kitu kidogo, mwanangu."

"Sema, mama."

"Naomba unioneshe barua yenyewe. Ile aliyoandika kwa mkono."

Nikasema barua za wasomaji zikishachapishwa huwa hatuzitunzi.

"Naomba utafute. Sitakaa nayo, nitaiangalia tu nikurudishie. Nataka kuuona mwandiko wake. Herufi ya 'y' alikuwa anaigeuza mkia, unaelekea kulia. Nilimkanya sana kwa hilo. Madaftari yake yote tulimfukia nayo, kwa sababu mama yake hakuweza kuyaangalia. Sasa sina hata herufi yake moja. Nilipoona gazeti nikasema, ah, basi kuna karatasi moja imebaki."

Nilimwangalia.

"Hidaya ni nani wako, mama?"

"Mjukuu wangu. Mtoto wa Selemani wangu. Tumemzika Jumapili."

Nikafungua droo. Sijui nilitafuta nini humo. Nilijua hamna kitu. Niliinua rula, nikairudisha. Niliinua kitambaa cha kufutia meza. Mama yule alisimama akifuata mikono yangu kwa macho, na kila nilipoinua kitu alisogea kidogo mbele.

"Haipo," nikasema mwisho.

"Haipo," akarudia. Kisha akauliza, taratibu, kama muuguzi anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi: "Au haikuwepo?"

Nikafunga droo. Akalikunja gazeti, akalitia kwapani.

"Hakuwa anasema hivi," akasema mlangoni. "Alitaka kuwa fundi wa redio."

Ningependa kusimulia kwamba siku ile nilichukua hatua. Nilichukua likizo ya ugonjwa, siku mbili.

Niliporudi nilikuta mji mzima umepakwa chokaa. Mlezi Mkuu alikuwa ameisoma barua. Ilimgusa, ikasemekana alilia jicho moja, na akaamua kwenda mwenyewe Kandokando kuonana na mtoto anayelipenda jua. Waziri alipiga simu shuleni, akaambiwa mtoto huyo amekufa. Akasema hilo ni suala la ndani la shule na anategemea walitatue kabla ya Alhamisi.

Nilikuwepo, maana gazeti lilinituma. Watoto mia sita walipangwa uwanjani tangu saa mbili. Wazazi na wazee waliwekwa nyuma ya kamba. Saa saba na nusu msafara ukaingia, magari ishirini na tisa, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mlezi Mkuu kwa karibu. Ni mzee mdogo, anayetembea kwa tahadhari kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mwavuli ulishuka garini kabla yake.

"Yuko wapi," akasema kwenye kipaza sauti, "binti yangu Hidaya?"

Mwalimu Mkuu akamsukuma mbele mtoto wa kike, mwembamba, sare imenyooshwa hadi inang'aa. Mtoto alitembea akitazama ardhi.

"Jina lako nani?"

Mtoto akageuka, akamwangalia Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa kumhimiza.

"Hidaya," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi kipaza sauti kiinamishwe kuipokea.

Watu wakapiga makofi. Bendi ikapiga. Mlezi Mkuu akamshika kichwa, akampa peremende, akasema kuwa taifa lenye watoto kama huyu halitakufa kamwe. Bi Zaituni, nyuma ya kamba, hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Yule ni Mwanvua wa mama Kibibi. Yule si Hidaya."

Askari akamsogelea. "Bibi, una cheti cha kumbukumbu?"

"Nilifeli."

"Basi utajuaje?"

Bi Stamili akamshika mkono upande mmoja, Mzee Chikoti upande wa pili. Walisimama vile hadi gari la mwisho lilipotoka.

Wiki iliyofuata Bi Zaituni akapokea barua mbili za serikali, nami nimezisoma zote. Ya kwanza ilitoka kwa Msajili wa Vizazi na Vifo. Ilimjulisha kwa furaha kwamba, kwa kuwa Hidaya Selemani alionwa akiwa hai na Mlezi Mkuu, ambaye macho yake ndiyo macho ya taifa, cheti cha kifo chake kimefutwa, na anatakiwa kukirejesha ndani ya siku saba. Ya pili ilitoka kwa Afisa Elimu. Hidaya Selemani, mwanafunzi hai wa darasa la tatu B, hajahudhuria shule tangu tarehe kumi na mbili. Mlezi wake afike kujibu shtaka la utoro.

Akaenda kulijibu, Mzee Chikoti akamsindikiza akiwa na bahasha. Shauri liliahirishwa hadi mtoto atakapoletwa. Bi Zaituni alipouliza amlete vipi, karani alisema hayo ni mambo ya kifamilia.

Shuleni, Mwanvua alikuwa akiitika mara mbili kila asubuhi, mara moja darasa la tatu A kwa jina lake, kisha anakimbia darasa la tatu B kuitika kwa jina la marehemu. Jumamosi moja alikwenda nyumbani kwa Bi Zaituni, akasimama uani, mkono mmoja umeficha kitu nyuma.

"Bibi, wamenipa jina lake. Mimi sikuliomba."

"Najua, mama."

"Na peremende sikuila." Akaitoa. Ilikuwa imeyeyuka ndani ya karatasi.

Bi Zaituni akamwekea uji. Hayo aliniambia mwenyewe, jioni walipokuja nyumbani kwangu wote watatu. Nilidhani wameleta makala. Mikono yao ilikuwa mitupu.

"Hatukuja kukuomba utuchapishe," Bi Stamili akasema. "Tumekuja uandike wewe. Sisi tuna vyeti vya kusema hatukuona kitu, na huyu mwenzetu aliyeona hana cheti. Wewe bado hujafika sitini. Kanuni haikugusi."

"Mwalimu, watanifunga."

"Huenda." Hakunipamba wala kunitisha. "Zamani nilikupa kichwa cha insha, 'Siku Niliyosema Uongo'. Ulipata alama sita. Ilikuwa insha nzuri, ila hukuimaliza. Imalizie."

Niliandika. Sikuweka "kwa kweli" hata moja. Niliandika kwamba mimi, Sefania Mbota, mhariri, ndiye niliyetunga barua ya Hidaya. Kwamba Hidaya alikufa kwa jua la Barabara ya Shukrani siku tatu kabla ya barua hiyo kutungwa. Kwamba aliyeoneshwa kwa Mlezi Mkuu ni mtoto mwingine. Kwamba wazee watatu walionya na sisi tukawatuma wakatafute muhuri. Nikaandika walichoomba: maji, kivuli, darasa. Nikaliwekea andiko hilo jina langu, nikalipeleka kiwandani mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza. Ukurasa wa saba haukuwahi kukaguliwa.

Asubuhi nilivaa sweta mbili, kwa kuwa nilisikia mahabusu kuna baridi. Nikaketi sebuleni kuwangoja. Saa nne hawajaja. Saa tano nikatoka.

Pale kwa muuza maandazi watu walikuwa wanasoma, tena wanacheka hadi machozi. "Leo wamejitungia nini tena hawa!" mmoja akasema. "Eti mhariri anakiri! Wanataka tuseme kitu halafu watukamate." Mwingine akasema mtoto yule hajafa, alimwona kwa macho yake akipewa peremende. Mwanamke mmoja akauliza huyo Sefania Mbota ni nani. Akajibiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo, ni jina la kutungwa, kama yule mkulima wa pamba.

"Ni mimi," nikasema.

Muuza maandazi akanitazama na sweta zangu mbili katika joto lile. Akanifungia maandazi manne katika ukurasa wa saba, akanipa bure, kwa huruma.

Saa saba Waziri akapiga simu. Alikuwa anacheka. "Mbota! Mlezi Mkuu amefurahi. Anasema una kipaji cha kubuni. Kuanzia leo ukurasa wako utaitwa Hadithi za Kusisimua." Na ndivyo ulivyoitwa hadi nilipoacha kazi, mwezi uleule. Hawakunifunga. Hawakuwa na sababu. Miaka kumi na minane nilikuwa nimejifunga mwenyewe mbele ya kila msomaji, na hapakubaki neno ambalo mtu angeliamini likitoka mkononi mwangu.

Nilikwenda kwa Bi Stamili nikamwomba radhi. Alikuwa amelikata lile andiko, ameliweka mezani, amelipigia mstari mwekundu mahali pamoja nilipokosea mkato. "Saba," akasema. "Ungeiandika mapema ningekupa zaidi."

Wazee hawaandiki tena gazetini. Siku za msafara huenda barabarani. Mwanzo walikwenda na kanga wakawatandia watoto juu, askari akazichukua, akisema zinamzuia Mlezi Mkuu kuona furaha. Wakaenda na ndoo ya maji, ikamwagwa kwa usalama wa taifa. Lakini kusimama hakujakatazwa. Basi husimama upande wa mashariki wa mstari wa watoto, migongo yao kwenye jua: Mzee Chikoti na koti lake, Bi Stamili, Bi Zaituni, na siku hizi wazee wengine kama ishirini. Nami huenda. Mwanvua husimama nyuma yangu na mtoto mwingine wa darasa la kwanza, ambaye hunishika suruali.

Nimepima. Saa tatu asubuhi kivuli changu kinawatosha watoto wawili. Saa nne na nusu kinamtosha mmoja, akikunja mabega. Saa sita hakimtoshi hata mmoja. Na Mlezi Mkuu hajawahi kupita kabla ya saa saba.